Gia Iliyopasuka Ikiwa Kabatini

Tik. Kimya kidogo. Tik. Kimya kidogo. Tik.

"Usiseme neno," fundi aliniambia, kidole juu. "Hesabu."

Tulikuwa tumeinamia deki ya kaseti iliyofunguliwa kifuniko, mezani kwake, katika kibanda kilichoko kwenye mojawapo ya barabara za namba za Ngamiani, Tanga. Deki ni ya shangazi yangu. Ni mashine ya bei nafuu ya katikati ya miaka ya 1980: uso wa plastiki uliopakwa rangi ya fedha ili ufanane na chuma, vitufe sita vya kubonyeza kwa nguvu ya kidole, mlango wa kaseti unaofunguka polepole kama wa mwenye adabu. Kwa zaidi ya miaka 20 ilikaa kabatini, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Haikuanguka, haikunyeshewa, mtoto hakuigusa. Nilipoichomeka kwenye umeme iliimba kwa nusu dakika, ikaanza mlio huo, halafu ikala kanda.

Aliyekulia enzi za kaseti haulizi kula kanda ni nini. Sauti inayumba, inazama kama ya mtu anayesinzia, kisha inakatika. Ukifungua mlango unakuta utepe wa kahawia umejizungusha kwenye roli ya mpira. Unauchomoa kwa vidole viwili, pumzi umeibana. Baadaye unatafuta kalamu ya Bic, maana pembe zake sita zinakaa barabara kwenye meno sita ya kaseti, unaurudisha utepe ndani duru kwa duru ukiomba usiwe umekunjika.

"Sekunde moja na nusu, mzee," nikasema.

Akaitoa kanda ile, akaweka nyingine, ya majaribio, isiyo na thamani kwa mtu, ambayo utepe wake karibu wote ulikwishahamia upande wa kulia. Akabonyeza. Tik. Safari hii kimya kilikuwa kirefu. Tik. Nikahesabu sekunde tatu na ushei.

"Basi mwanangu, hatuna haja ya kufumua mashine nzima. Mgonjwa ni huyu." Akakigusa kigurudumu cha kulia kwa ncha ya bisibisi.

Utepe wa kaseti hupita mbele ya hedi kwa mwendo mmoja tu, sentimita 4.76 kwa sekunde, iwe kaseti imetoka Japani au imerekodiwa uani Chumbageni. Lakini kigurudumu kinachoupokea hakiwezi kwenda kwa mwendo mmoja. Kikiwa kitupu kipenyo chake ni milimita 22 hivi, nacho hulazimika kuzunguka kama mara 41 kwa dakika. Kikishabeba utepe wote wa upande mmoja wa kanda ya dakika 90, kipenyo kimevuka milimita 50, na mizunguko imeshuka hadi 18 hivi. Kwa hiyo mlio unaochelewa kadiri kanda inavyosonga unatoka kwenye kitu kinachozunguka pamoja na kigurudumu hicho. Mlio ambao haubadiliki ungetoka upande wa mota. Fundi hakushika testa wala chombo kingine chochote. Alikuwa na sikio na kanda mbovu.

Dakika kumi baadaye gia ilikuwa kiganjani mwangu: nyeupe kama mfupa, upana wake milimita 15, kama kifungo cha koti, meno 28. Sikuona kasoro yoyote. Akanipa kioo cha kukuzia. Kati ya jino moja na jingine, pale bondeni plastiki inapokuwa nyembamba kuliko kwingine kote, palikuwa na ufa kama unywele, umeshuka moja kwa moja hadi kwenye tundu la katikati. Ufa ule ulikuwa umeyatenganisha meno mawili kidogo sana, sehemu ya kumi ya milimita au mbili. Kwa gia ya ukubwa huo inatosha. Kila mzunguko, jino la gia jirani lilikuja likitarajia bonde, likakuta kilele. Tik. Kwa nukta hiyo kigurudumu cha kupokea kinasita, wakati ekseli na roli ya mpira vinaendelea kuusukuma utepe kwa mwendo wake uleule. Utepe uliokosa wa kuupokea unalegea, unanasa kwenye roli, unaanza kujizungusha hapo. Mashine haina hila wala njaa. Mkono mmoja unatoa, mwingine umechelewa kupokea.

Kilichonishangaza ni jinsi ufa wenyewe ulivyotokea. Nilidhani gia zimechakaa kwa kazi, kama tairi linavyokwisha njiani. Meno ya gia ile yalikuwa mapya. Kingo zake zilikuwa kali kama siku zilipotoka kiwandani. Hata alama ya kalibu ilikuwa inaonekana. Haikuchakaa. Ilipasuka imekaa, gizani, chini ya kitambaa cha kudarizi.

Plastiki yenyewe huitwa asetali. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuiuza kwa jina la Delrin mwaka 1960, miaka mitatu kabla kaseti yenyewe haijaonyeshwa kwa watu, na vitu hivyo viwili vikakua pamoja. Gia ya shaba lazima ikatwe jino kwa jino. Gia ya asetali humiminwa kwenye kalibu ikiwa ya moto na kutoka tayari baada ya sekunde chache, maelfu kwa siku, nayo inateleza vizuri hata bila grisi nyingi. Bila plastiki hiyo, mfanyakazi wa bandari au mwalimu wa shule ya msingi asingeweza kuota kuwa na deki nyumbani. Siidharau hata kidogo.

Kosa liko mahali plastiki ilipokutana na chuma. Ili gia isizunguke ovyo kwenye bushi yake, kiwanda kilitengeneza tundu dogo kidogo kuliko bushi, kisha kikaishindilia gia kwa nguvu. Fikiria pete iliyovalishwa kidole kilichovimba. Siku ya kwanza inabana, na kubana ndiko kunakotakiwa. Lakini asetali huendelea kunywea kidogo kidogo baada ya kutoka kwenye kalibu, bushi ya shaba hainywei, na plastiki inabaki imevutwa usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, deki ikipiga au isipige. Joto huharakisha mambo, na sisi wa pwani kabati la vioo lililo mkabala na dirisha la magharibi tunalijua lilivyo saa tisa alasiri. Siku moja sehemu nyembamba kuliko zote inaachia. Hakuna anayesikia.

Bei kubwa haikuwa kinga. Walkman za Sony za mfululizo wa WM-DD, ambazo zilikuwa za wenye uwezo na hadi leo zinasakwa na wapenzi wa kaseti ulimwenguni, zina gia nyeupe ya katikati inayojulikana kwa ugonjwa huohuo: hunywea, hupasuka, huanza kugonga. Ila mwenye Walkman ya aina hiyo atapata gia mpya ya kuagiza, kwa sababu wanaoitaka ni wengi na wana fedha. Mwenye deki ya bei poa hana wa kumtengenezea spea. Yeye anamtegemea fundi wa mtaani kwake, na fundi huyo ana miaka sabini na kitu.

Utauliza kwa nini kuhangaika na chombo cha bei ndogo wakati nyimbo zote ziko kwenye simu. Zote haziko.

Kaseti ilitoka mikononi mwa wahandisi wa Philips walioongozwa na Lou Ottens huko Hasselt, Ubelgiji, ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya redio ya Berlin mwaka 1963. Ottens, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa amechonga kipande cha ubao kinachoingia kwenye mfuko wa koti lake, akakifanya kuwa kipimo cha ukubwa wa mashine anayoitaka. Baadaye Philips iliwaruhusu watengenezaji wengine kutumia muundo wake bila malipo, na hapo ndipo bei ilipoporomoka. Kampuni ya Kijapani ya Tanashin iliunda mtambo rahisi wa kuendeshea kaseti, ukatumiwa ndani ya redio na deki za majina tofautitofauti, na hata leo karibu kila mashine mpya ya kaseti inayouzwa madukani ina ndani yake nakala ya mtambo huo. Kwa hiyo anayekimbilia kununua mpya hajapanda daraja.

Kwetu, kaseti ilifika mahali palipokuwa na pengo. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Vikundi vya taarabu vya Tanga kama Black Star na Lucky Star vilitolewa kwa santuri za Kenya. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kwenye studio yake, na wewe nyumbani ulisubiri kipindi, kidole kwenye kitufe chekundu, ukimuomba mtangazaji asiingilie wimbo. Mombasa, Mbwana Radio Service ilirekodi taarabu na kuuza kaseti zake dukani. Bidhaa za viwandani zilipoadimika mwanzoni mwa miaka ya 1980, deki ilikuwa kitu cha mabaharia na wenye ndugu Uarabuni. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, mashine za bei nafuu zikaingia kwa wingi. Deki ya shangazi ni mojawapo ya hizo.

Na tangu hapo watu wakarekodi. Wakarekodi arusi, maulidi, mawaidha ya masheikh, mahubiri, hotuba za misiba, salamu za kumpelekea mtoto aliyeko Maskati kwa mkono wa msafiri, mafumbo yaliyotungwa kwa ajili ya usiku mmoja na kuimbwa usiku huo tu. Hivyo havikupita studio yoyote wala duka. Viko kwenye utepe wenye upana usiofika milimita 4, katika nakala moja, ndani ya makopo ya biskuti chini ya vitanda. Utepe wenyewe ni mvumilivu kuliko watu wanavyodhani. Msingi wake ni polista, na kanda iliyokaa mahali pakavu husomeka vizuri baada ya miaka 40. Nimeona nyingi zilizo salama kabisa. Kinachokufa kwanza ni mashine, na mashine inapokufa watu huziona kanda nazo zimekufa, wakazitupa.

Kanda ya shangazi ni ya arusi yake, 1987. Shemeji yake aliweka redio kaseti juu ya kiti karibu na spika ya waimbaji, betri ndani, akabonyeza, akaenda kula pilau. Kanda hiyo shangazi aliipiga mara nyingi katika miaka ya mwanzo ya ndoa, ila kila mara aliilalamikia jambo moja. Mwimbaji mkuu wa usiku ule, mwanamke aliyekuwa maarufu mitaa ile na ambaye hakurekodiwa popote pengine, alikuwa na sauti nzito, ya kifuani. Kwenye kanda anasikika mwembamba, kama msichana. "Huyo siye," shangazi alikuwa akisema. "Maneno yake, sauti siyo." Sisi watoto tulidhani ni yeye shangazi aliyesahau.

Narudi mezani kwa fundi.

Jambo la kwanza linalomjia mtu mwenye gia iliyopasuka ni gundi. Haishiki. Asetali ina uso unaokataa karibu kila kitu. Supaglu hukauka juu yake kama magamba, na ukikunja kidogo inabanduka yote. Hata ikishika siku mbili, nguvu iliyoipasua gia bado ipo palepale, inavuta. Nimeona deki zilizozibwa gundi mpaka mabonde ya meno yamejaa, na kazi ya kwanza ya fundi ikawa kukwangua.

Jambo la pili ni kutafuta gia nyingine kwenye deki iliyokufa. Kwenye rafu ya fundi zilikuwepo nne za mtambo unaofanana na wa shangazi. Tukazifungua. Gia tatu zilikuwa na ufa mahali palepale, mojawapo nyufa mbili, na ya nne ilipasuka mbele ya macho yetu tulipoichomoa. Zilizaliwa pamoja, zikaugua pamoja. Ukiipata iliyo nzima, ujue umekopa muda tu.

Njia aliyoichagua yeye sijaiona ikiandikwa, na niliiangalia hatua kwa hatua. Kwanza aliichomoa gia kutoka kwenye bushi, polepole, kwa kuisukuma kutoka nyuma kwa kipande cha mbao chenye tundu. Ilipotoka tu, ufa ukajifunga wenyewe. Nilishika kioo nikautafuta, ukawa hauonekani. Hakuna kilichokuwa kinauvuta tena. Kisha akaviringisha msasa laini kwenye kijiti cha kiberiti, akaanza kulipanua tundu, mizunguko mitatu, anapima, mizunguko mitatu, anapima, mpaka gia ikaingia kwenye bushi kwa uzito wake wenyewe na kutoka hivyohivyo. "Hapa ndipo vijana wanapokosea," alisema. "Wanataka ikaze. Ikikaza, umerudi kulekule ilikotoka."

Kitovu cha gia kilikuwa kimetokeza upande mmoja kama milimita 3. Alichukua waya mwembamba wa shaba kutoka kwenye transfoma iliyoungua, akauviringisha kwenye kitovu mara tano, duru zikiwa zimelaliana sawasawa, akasokota ncha mbili kwa plaizi mpaka zikabana, akazigusa kwa solda mbali na plastiki, sekunde moja. Mbali, kwa sababu asetali huyeyuka kwenye nyuzi 170 hivi na ncha ya solda inapita 300. Ikiungua hutoa harufu kali inayochoma macho, ya formalini, ileile ya mochwari. Mikwaruzo michache kwenye bushi kwa ncha ya msumari, mingine ndani ya tundu, na tone la gundi ya mirija miwili, ile ya kuchanganya. Nikamkumbusha kwamba gundi haishiki. "Haishiki," akakubali. "Inajaa mikwaruzoni ikawa kabari. Gia haihitaji kupendwa na bushi, inahitaji isipite." Tukaiacha mpaka kesho yake.

Ipo njia nyingine kwa gia iliyomeguka meno, ambayo waya hauiponyi, nayo ni kuchapisha mpya kwa printa ya 3D. Hapa hesabu ni rahisi na kila mwenye kalipa anaweza kuifanya. Hesabu meno, ongeza mbili, kisha gawanya kipenyo cha nje kwa jumla hiyo. Gia yetu: 28 na 2 ni 30, milimita 15 kwa 30 ni 0.5. Hiyo nusu ndiyo moduli, yaani ukubwa wa jino, na gia mbili hazizungukiani vizuri zisipokuwa na moduli moja. Jino la moduli 0.5 lina unene wa milimita 0.8 hivi. Printa nyingi za kuyeyusha uzi wa plastiki zina mdomo wa milimita 0.4, maana yake jino zima ni mistari miwili iliyolala kando kwa kando. Linatoka kama jino la mzee. Printa za utomvu unaogandishwa kwa mwanga hutoa jino safi kabisa, ila aina nyingi za utomvu huo ni dhaifu kama kigae, kwa hiyo mtu achague ule mgumu. Na anayechora gia mpya alifanye tundu liwe kubwa kidogo kuliko bushi. Hakuna sababu ya kulinakili kosa la 1985.

Gia ikishapona, usifunge mashine hapohapo. Umeifungua, basi malizia. Belti ya deki ya shangazi ilikuwa imeanza kuyeyuka na kuacha lami nyeusi kwenye kapi na kwenye gurudumu zito la ekseli. Mpira wa aina fulani huishia hivyo. Uchafu huo usiuguse kwa mkono mtupu, maana hautoki kwenye nguo wala kwenye kitasa cha mlango. Pamba, spiriti, subira. Belti mpya upime kwa uzi uliozungushwa njiani mwake, kisha utafute iliyo fupi kidogo kuliko uzi huo. Roli ya mpira isuguliwe kwa spiriti mpaka pamba itoke nyeupe. Hedi nayo hivyohivyo. Na kabla ya kitu chochote kati ya hivi, chomoa waya ukutani. Transfoma iliyomo ndani inapokea volti 230 na haijui kama unatengeneza au unacheza.

Kesho yake saa nne shangazi alikuja mwenyewe na kanda yake mkobani. Fundi alimwamkia, wakaulizana habari za watu wa zamani wa mitaa, wakakuta mume wa mmoja alisoma na kaka wa mwingine. Mimi nilikuwa na haraka kuliko wote wawili.

Kwanza tulirekebisha mwendo. Nyuma ya mota kuna kitundu, na ndani yake kiskurubu. Ukikizungusha kwa bisibisi nyembamba mota inaongeza au kupunguza mwendo. Fundi ana kanda yenye mlio mmoja wa hezi 3,000. Unaipiga, simu yenye programu ya kupima mlio inasoma. Ilisoma 3,090, asilimia tatu juu, yaani kila mwimbaji amepandishwa nusu ya nusu-sauti. Akazungusha kidogo. 3,010. Kidogo tena. 3,000. Gia ilikuwa inazunguka kimya. Tuliiacha kanda ya majaribio ipige upande mzima, dakika 45, kabla ya kumruhusu shangazi atoe yake. Hakuna mlio, hakuna kusita.

Ikaingia kanda ya arusi. Kelele za uani, vikombe, mtoto analia, fidla inatafuta ufunguo wake. Kisha yule mwimbaji, mwembamba kama msichana.

"Si nimewaambia," shangazi akasema. "Huyo siye."

Deki ilikuwa inakwenda sawasawa, tumetoka kuipima. Fundi akaisimamisha, akarudisha nyuma mpaka kwenye nafasi kati ya nyimbo mbili, pale waimbaji wanapumzika na spika imebaki inanguruma peke yake. Mngurumo wa vipaza sauti vya arusi kila mtu ameusikia na hakuna anayeusikiliza. Akaweka simu mbele ya spika. "Umeme wetu ni hezi 50," alinieleza, "na ampulifaya inapovuma huvuma kwa mia. Mia moja kamili, au karibu yake sana. Mwaka ule na mwaka huu." Simu ilisoma 106.

Waimbaji walitumia umeme wa ukutani, na redio iliyorekodi ilikuwa ya betri. Betri za shemeji zilikuwa zimechoka tangu mwanzo, mota ikawa inauvuta utepe polepole, na kila kilichoandikwa polepole kikipigwa kwa mwendo wa kawaida hukimbia na kupanda juu. Ushahidi ulikuwemo humo humo kwenye kanda, chini ya wimbo, kwa zaidi ya miaka 35.

Fundi akachukua bisibisi nyembamba, akaiingiza kwenye kitundu cha mota mashine ikiwa inapiga. 106. 104. 101. Sauti ya yule mwanamke ikaanza kushuka, kama mtu anayeteremka ngazi akija kwetu, ikapata kifua, ikapata umri. Mia ilipokaa kwenye kioo cha simu, shangazi alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyo sasa."

Lakini betri ziliendelea kuchoka usiku ule wa 1987, na wimbo uliofuata ulikuwa umeanza kupanda tena. Katika mapumziko mengine simu ikasoma 102, kisha 103. Fundi hakuitoa bisibisi. Akavuta kiti kwa mguu, akakaa, akainamia mota, na kila waimbaji waliponyamaza alitazama simu na kuzungusha kiskurubu upana wa unywele, akimrudisha. Mimi nikachomeka waya kwenye kompyuta, nikaanza kurekodi. Upande wa pili ulikuwa haujaguswa.